Tumpeleke mavyaa Ocracoke?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Durham, North Carolina, na mume wangu na watoto watatu wa miaka 12, 9 na 5. Mavyaa wangu anakuja kututembelea kutoka Likoni mwezi wa Mei, atakaa hadi Septemba. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua, lakini bahari ndiyo raha yake. Myrtle Beach tulikwenda, tukakuta kelele tupu. Mwenzangu kazini anasema twende Ocracoke, kisiwa kilichotulia. Nimekitazama kwenye ramani nikaona uzi mwembamba katikati ya bahari. Ni pahali pa kumpeleka mtu mzima na watoto? Twende lini, tupite wapi, tule nini? Na sisi watu weusi, tena Waislamu, tutakuwa na amani huko?

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Mpelekeni mama, atafurahi. Ila msiende Ocracoke kwa mazoea ya Diani wala kwa mazoea ya Myrtle Beach, maana ule utulivu aliokusifia mwenzako haukuja bure. Umetokana na mambo matatu: kisiwa hakina daraja, ufuo wake hauna hoteli hata moja, na bahari yake haina mwamba wa kuikinga. Kila moja kati ya hayo lina gharama yake kwa familia yenye mtoto wa miaka mitano na bibi wa miaka 71. Gharama hizo zinalipika, mradi mzijue kabla ya kufunga mizigo.

Ule uzi ulioona ni sehemu ya Outer Banks, safu ya visiwa vya mchanga vilivyojipanga mbele ya bara la North Carolina. Sisi tumezoea visiwa vyenye mfupa ndani yake. Mombasa na Unguja vimekaa juu ya matumbawe ya kale, ukichimba unakuta jiwe. Ocracoke ukichimba unakuta mchanga, halafu maji. Ni mchanga uliorundikwa na mawimbi na upepo, ukashikiliwa na nyasi na vichaka, na nyuma yake iko Pamlico, ghuba ya maji mafupi iliyo pana kiasi kwamba ukisimama kijijini huioni bara. Bahari ilipopanda baada ya enzi ya barafu, visiwa hivi vilisukumwa kuelekea bara, na hadi leo vinasogea. Tufani ikivuka kisiwa huuchota mchanga wa mbele na kuumwaga nyuma. Mlango wa bahari hufunguka hapa, ukaziba kule. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, katika kisiwa cha jirani, ilibidi uhamishwe mzimamzima mwaka 1999, karibu mita 880, kwa sababu mawimbi yalikuwa yameukaribia mno.

Kisiwa kina urefu wa kilomita 25 hivi. Kijiji kimoja tu, chenye wakazi wasiofika elfu moja, kiko upande wa kusini-magharibi, kimezunguka bandari ndogo iitwayo Silver Lake. Karibu eneo lote lililobaki ni la Hifadhi ya Pwani ya Taifa ya Cape Hatteras, ambayo Bunge la Marekani liliidhinisha mwaka 1937, ya kwanza ya aina yake nchini humo. Ndiyo sababu mtaendesha gari kilomita nyingi mkiona matuta ya mchanga, nyasi na anga, bila ghorofa hata moja. Stephen Leatherman, msomi wa pwani wa Florida anayepanga fukwe bora za Marekani kila mwaka, aliupa ufuo wa Ocracoke nafasi ya kwanza mwaka 2007 na tena 2022, na bado haujajaa watu, kwa kuwa feri haiwezi kuleta watu wengi kwa mpigo.

Maana yake kwenu ni hii: nyumba mtakayokodi itakuwa kijijini, na ufuo wa bahari kuu haumo kijijini. Mtatoka kwa gari au baiskeli. Wageni wengi hukodi vigari vya gofu kuzungukia vichochoro, watoto wanavipenda sana, lakini muulizeni mwenye navyo vinaruhusiwa kufika wapi kabla ya kulipa, na gari lenu lisikose kuwepo.

Sasa nizungumzie bahari yenyewe, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo mtu wa Mombasa anapoweza kujiamini kupita kiasi. Diani, Nyali, Bamburi, kote huko mwamba hupokea wimbi mbali nje, na nyinyi mnaoga katika maji ya ndani. Mtoto wa pwani hukua akijua kwamba bahari ina kupwa na kujaa, ina bamvua na maji mafu, na kwamba maji yakipwa unaweza kutembea hadi mwambani. Ocracoke elimu hiyo haitoshi. Upande wa bahari kuu tofauti ya kupwa na kujaa ni kama mita moja tu, na hakuna mwamba. Wimbi linakuja na nguvu zake zote za Atlantiki na kuvunjika mbele ya miguu yako.

Hatari kubwa ni mkondo unaovuta watu nje. Mawimbi yakisukuma maji ndani kupita fungu la mchanga lililozama, maji hayo lazima yarudi, na hurudi kwa kujikusanya yakapita kwenye pengo la fungu hilo kama mto mwembamba. Mnapofika, simameni kwanza kwenye njia ya mbao juu ya matuta, mtazame maji kwa dakika kumi kabla hamjavua viatu. Mtaona mawimbi yanavunjika meupe kwa mstari. Kisha mtaona mahali mstari umekatika: wimbi halivunjiki, maji yanaonekana yametulia, rangi yake imekolea au yamechafuka kwa mchanga, na povu linaelea kwenda nje badala ya kuja ufuoni. Mzazi mgeni humchagulia mtoto wake pale pale, kwa kuwa panaonekana shwari kuliko kwingine. Ndipo mkondo ulipo.

Wafundisheni wale wawili wakubwa kabla ya safari, wakiwa nyumbani, si ufuoni wakiwa na hamu ya kuruka majini. Mkondo ukimchukua mtu, asishindane nao kurudi moja kwa moja. Hata muogeleaji hodari huchoka hapo. Alale juu ya maji, apumue, anyanyue mkono kuomba msaada, na akiweza aogelee ubavuni, sambamba na ufuo, mpaka atoke kwenye mkondo ndipo arudi na mawimbi. Na wewe na mume wako mkubaliane jambo moja ambalo ni gumu kwa mzazi: hakuna kumfuata mtu majini mikono mitupu. Mara nyingi anayezama ni yule aliyekwenda kuokoa. Chukueni boya, ubao wa kuelea, hata sanduku la barafu tupu lililofungwa. Kama watoto wamezoea kuogelea bwawani, huo ni mwanzo mzuri, lakini bwawa halivuti.

Waokoaji wapo katika ufuo mmoja tu wa kisiwa, ule ulio karibu na kijiji, na kwa kawaida hukaa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi mwanzoni mwa Septemba, saa za mchana. Ogeleeni hapo, siku zote, hata kama kilomita tano mbele kuna ufuo mtupu unaowaita. Ule mtupu nendeni mkatembee na kuokota makombe. Bendera nyekundu ikipandishwa, hakuna kuingia, hata magotini na yule mdogo.

Mama naye ana Pamlico. Upande wa ndani wa kisiwa maji ni mafupi, mtu anaweza kwenda mbali akiwa bado yamemfika magotini, na hakuna wimbi la kumwangusha. Kupwa na kujaa kwa mwezi huko hakuonekani sana. Upepo ndio unaoamua maji yapande wapi na yashuke wapi. Avae viatu vya majini, kwa sababu chini mna tope na magamba ya chaza yanayokata kama wembe. Mwenye nyumba atawaelekeza pa kuteremkia panapofikika kwa urahisi. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, Pamlico huwa imelala kabisa, na nadhani hapo ndipo mama atakapotaka kukaa na kikombe chake cha chai.

Kama atataka kuiona bahari kuu pia, na bila shaka atataka, fahamuni kwamba kutoka maegesho hadi majini kuna mwendo kwenye mchanga laini, na mchanga laini ni adui wa magoti kuliko ngazi. Idara ya Hifadhi za Taifa huazimisha viti vya magurudumu mapana yanayopita mchangani bila malipo, ila ni vichache. Pigeni simu wiki moja kabla, mpige tena siku ya kufika. Bebeni mwavuli mkubwa wenye mti mrefu wa kuchimbia, kwani kivuli hakuna. Hakuna mvinje, hakuna mnazi.

Mwende lini? Watu wengi watakuambia Septemba, na kwa mtu asiye na watoto wa shule ningesema hivyo mimi pia: maji bado yana joto la nyuzi 26 hivi na wageni wameondoka. Lakini nyinyi mna shule, na Septemba ndicho kilele cha vimbunga. Julai ni joto, foleni na bei. Mimi ningewapeleka wiki ya kwanza kamili baada ya shule kufungwa mwezi wa Juni. Waokoaji wameshaanza kazi, siku ni ndefu, na vimbunga huwa bado ni nadra ingawa msimu wao rasmi huanza Juni 1 hadi Novemba 30. Maji yatakuwa kwenye nyuzi 23 au 24. Watoto hawatajali, mama aliyezoea maji ya Likoni atayaona ya baridi, mwambieni mapema asije akadhani anaumwa. Mbu ni wengi jioni, hasa mvua ikinyesha na upepo ukitulia. Si mbu wa malaria, lakini wanauma vilivyo, kwa hiyo mikono mirefu na dawa ya kujipaka ni lazima. Nyumba nyingi hukodishwa kwa wiki nzima, Jumamosi kwa Jumamosi, na za Juni huanza kushikwa wakati wa baridi. Ukisoma jibu hili Aprili, anza kupiga simu leo.

Njia za kwenda na gari ni tatu, zote za feri. Kutoka Swan Quarter ni karibu saa mbili na dakika arobaini majini, kutoka Cedar Island ni saa mbili na robo hivi, na kutoka Hatteras, upande wa kaskazini, ni kama saa moja. Mbili za kwanza zinatoza ada kwa gari na unaweza kuweka nafasi. Ya Hatteras kwa miaka mingi haijatoza gari chochote, wala haipokei nafasi za kuwekwa: anayetangulia kufika ndiye anayevuka. Zamani kivuko hicho cha Hatteras kilichukua dakika arobaini. Mchanga ukajaza mkondo wa zamani, feri ikalazimika kuzunguka mbali, na safari ikarefuka hivyo hivyo.

Watu wa Durham wengi huvutiwa na Hatteras kwa sababu ya bure na ya ufupi wa kivuko. Kwa kwenda, nyinyi msipite huko. Ni mwendo mrefu wa gari, na siku za msimu mnaweza kusimama foleni kwa saa nyingi juani, mtoto wa miaka mitano kiti cha nyuma na mama magoti yamekunjwa. Wekeni nafasi Swan Quarter, mfike mapema kabla ya muda wanaouandika kwenye tiketi, maana ukichelewa nafasi yako hupewa mwingine. Mama wa Likoni hahitaji kufundishwa feri, ila hii itamshangaza: hakuna msukumano, kila gari lina mahali pake, na abiria wanapanda juu kukaa ndani penye viyoyozi na choo. Zaidi ya saa mbili za kutazama Pamlico, mwari wakipita chini chini juu ya maji, ni sehemu ya likizo yenyewe. Nauli na ratiba hubadilika kwa msimu, zitazameni kwenye tovuti ya feri za jimbo.

Kukosa daraja kuna maana nyingine. Upepo ukizidi, feri husimama, na hakuna wa kumlalamikia. Usimpangie mumeo kurudi Jumapili usiku na kuingia kazini Jumatatu alfajiri. Acheni siku moja ya akiba, na tiketi ya ndege ya mama isiwe karibu na safari hii kabisa.

Vimbunga navyo siwezi kuvipita kwa mstari mmoja. Septemba 6, 2019, kimbunga Dorian kilipiga Ocracoke, na maji yaliyokiangamiza kijiji hayakutoka baharini walikokuwa wakikutazama watu. Yalitoka nyuma. Upepo ulikuwa umeyasukuma maji ya Pamlico kwenda upande wa bara na kuyarundika midomoni mwa mito. Upepo ulipogeuka, maji yote yakarudi kwa pamoja, yakapanda zaidi ya mita mbili katika muda mfupi mno. Watu walipanda darini. Wageni hawakuruhusiwa kurudi kwa karibu miezi mitatu. Mkitembea vichochoroni mtaona nyumba za mbao za zamani zilizoinuliwa juu ya nguzo ndefu, nyingine mbao zake mpya chini na za kale juu. Hiyo ni alama ya maji. Muulizeni mwenye nyumba kwa heshima, wengi wapo tayari kueleza, na mtaelewa kwa nini watu hawa huheshimu amri ya kuhama. Wageni ndio huamriwa kuondoka kwanza. Ikitoka, ondokeni siku hiyo hiyo, msingoje kuona. Kwa hiyo bima ya safari inayorudisha pesa za nyumba mnapoamriwa kuhama ni ya lazima, na isomeni masharti: nyingine hazilipi ukiinunua baada ya kimbunga kupewa jina.

Bima ya pili ni ya mama. Mgeni kutoka Kenya hana bima ya afya ya Marekani, na kisiwani kuna zahanati tu. Jambo zito likitokea, mgonjwa huondolewa kwa helikopta, na gharama yake inaweza kuimaliza akiba ya familia. Mkatieni bima ya wageni kabla hajapanda ndege Moi, isomwe kama inahusu maradhi aliyonayo tayari. Dawa zake zote, za presha, za sukari, za magoti, zinunuliwe Durham, zizidi wiki mbili. Pasipoti haiulizwi kwenye feri, hii ni safari ya ndani ya jimbo, lakini abebe.

Chakula ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi mkodi nyumba yenye jiko. Nyama ya halali haiuzwi kisiwani, basi inunueni Durham, igandisheni, ije ndani ya sanduku la barafu. Chukueni na mchele wenu, bizari, ndimu na tui la nazi la mkebe. Msitegemee kuvikuta katika duka la kijiji, na vya dukani vina bei ya kuvushwa maji. Lakini samaki msibebe hata mmoja. Wavuvi wa Ocracoke bado wanavua, wana soko lao la samaki pale bandarini, na wakati huo mtapata kamba na samaki wa asubuhi ile. Nyumba nyingi zina jiko la mkaa uani. Samaki wa kupaka wa Ocracoke, akiokwa na mama mwenyewe, naamini hatakuwa na aibu mbele ya wa Mombasa.

Mkila mkahawani, ulizeni maswali mawili bila haya. Supu ya kombe za huko, ile nyepesi isiyo na maziwa, kwa desturi huanzwa kwa mafuta ya nguruwe, na mboga za majani hupikwa nayo vile vile, ingawa menyu haiandiki. Pili, ulizeni kama samaki anakaangwa katika mafuta yanayokaangiwa vitu vingine. Watawajibu vizuri, sehemu zile wameshazoea kuulizwa na watu wenye mzio. Msikiti hakuna, hesabuni saa za swala kwa simu. Kuhusu mavazi, hakuna sheria ya ufuoni inayomkataza mama kuingia majini na dera lake na mtandio, na nguo ndefu za kuogelea huvaliwa na wengi kwa sababu ya jua tu. Ila dera likilowa ni zito, na kwenye wimbi linavuta, hivyo kwa bahari kuu mnunulieni vazi la kuogelea la stara linalobana mwili kidogo.

Sasa amani. Nitakuambia ninavyoona mimi. Ocracoke ni kijiji cha Wazungu kwa sehemu kubwa, na mtaonekana. Kwa nilivyoshuhudia, kuonekana huko ni kwa aina ya kijijini: mtu anakupungia mkono kutoka barazani, anakuuliza mmefikia nyumba ya nani. Sikuahidi kwamba hamtakutana na mjinga mmoja, hakuna pahali pa kuahidi hivyo. Ninachotaka watoto wako wajue ni kwamba hawaingii katika visiwa visivyo na watu wao. Ng'ambo ya mlango wa bahari, upande wa kusini, kipo kijiji cha Portsmouth, sasa kitupu. Katika karne ya 18 na mwanzo wa ile ya 19 meli kubwa hazikuweza kupita maji mafupi ya mlango ule zikiwa na shehena, hivyo mizigo ilishushwa kwenye matishari na mashua ndogo, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na Waafrika waliokuwa utumwani. Tufani ya 1846 ikafungua milango mingine kaskazini, meli zikahama, na kijiji kikaanza kufa. Mwanamume wa mwisho kuishi huko alikuwa Henry Pigott, mtu mweusi wa kizazi cha watumwa wale, aliyekuwa akiisogelea boti ya posta kwa mashua yake ili kuchukua barua za kijiji. Alipofariki mwaka 1971, wanawake wawili wa mwisho waliobaki wakaondoka. Ocracoke kwenyewe familia moja ya watu weusi, ya Bryant, iliishi kwa vizazi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kuna boti za kuwapeleka wageni Portsmouth kwa siku moja. Mume wako awapeleke wale wawili wakubwa; kwa mama ni jua tupu, mbu wa kutisha na hakuna pa kupumzikia.

Mambo mengine ya kisiwani hayahitaji mpango. Mnara wa taa mweupe wa 1823, unaofanya kazi hadi leo, uko ndani ya kijiji. Farasi wadogo ambao zamani walizurura huru sasa wako kwenye zizi kando ya barabara, mnawatazama kutoka jukwaani. Makaburi manne ya mabaharia wa Kiingereza, wa meli Bedfordshire iliyozamishwa na nyambizi ya Kijerumani Mei 1942, yametunzwa na wanakijiji kwa zaidi ya miaka themanini, na nadhani mtoto wa miaka 12 ataelewa uzito wake. Springer's Point ni msitu mdogo wenye kivuli halisi, miti ya mialoni iliyopindwa na upepo, na njia yake ni fupi. Hakuna maegesho, fikeni kwa miguu au baiskeli. Katika maji yaliyo mbele yake ndipo alipouawa haramia Blackbeard, Novemba 22, 1718, na watoto watawasumbua kwa hadithi hiyo wiki nzima.

Makombe ya Ocracoke ni mazuri, hasa asubuhi baada ya upepo mkali. Okoteni yaliyo matupu peke yake, mpindue kila moja mtazame ndani. Mkichimba mashimo ufuoni, fukieni kabla ya kuondoka, na viti msiviache usiku. Juni kasa wanapanda kutaga, na kasa jike akikutana na shimo au kiti gizani hugeuka akarudi baharini bila kutaga. Mkiona alama zilizozungushiwa kamba, piteni mbali, na usiku msimulike tochi kuelekea majini.

Kwa kurudi, hapo ndipo mpite Hatteras. Vukeni na feri ya asubuhi, kabla foleni haijatuna. Karibu na gati la Hatteras kuna jumba la makumbusho la meli zilizozama, na nje yake kumbukumbu ya Hotel De Afrique, kimbilio la watu waliotoroka utumwa baada ya jeshi la Muungano, yaani la majimbo ya Kaskazini, kuteka ngome za Hatteras mwaka 1861. Kisha barabara nambari 12 kuelekea kaskazini, bahari kulia na Pamlico kushoto, mahali pengine zikikaribiana kiasi kwamba mawimbi humwaga mchanga barabarani. Mtapita Pea Island. Kituo cha kuokoa mabaharia cha hapo kiliongozwa tangu 1880 na Richard Etheridge, aliyezaliwa mtumwa, na kikosi chake chote kilikuwa cha watu weusi. Oktoba 11, 1896, meli E.S. Newman ilikwama katika tufani kali kiasi kwamba mashua haikuweza kuteremshwa wala kamba kurushwa. Etheridge akawafunga watu wake wawili pamoja kwa kamba, wenzao wakaishika ncha ya pili ufuoni, wale wawili wakaogelea hadi melini wakarudi na mtu. Kisha wengine wawili. Walitoa watu tisa, wote wazima, na nishani ya dhahabu haikutolewa mpaka 1996, wote wakiwa wameshafariki.

Nyumba ya jiko ya kituo hicho imehamishiwa mji wa Manteo, kisiwani Roanoke, na kufanywa makumbusho, na Manteo iko njiani mnapokwenda Durham. Ni ndogo na saa zake za kufungua ni chache, kwa hiyo pigeni simu kabla ya kutoka Ocracoke, na kama imefungwa siku hiyo, kaburi la Etheridge lipo kwenye eneo la jumba la samaki la jimbo, kisiwani humo humo, mwendo mfupi kwa gari.